Sabuni laini, mapipa ya spiriti na mashine zilizolala: kiwanda kidogo kirudi vipi kazini

SWALI

"Nina kiwanda cha sabuni Mbagala, Dar es Salaam. Kabla ya korona tulikuwa watu 22, tunatengeneza sabuni ya mche ya madukani na sabuni ya maji ya mahoteli na shule. Mwaka 2020 mahoteli yalisimama, nikakopa benki, nikanunua mashine mbili za kujazia chupa na kuingia kwenye vitakasa mikono. Vilikwenda kwa muda, kisha soko likafa. Sasa tumebaki 9. Nina mapipa 9 ya ethanoli (spiriti), chupa nyingi zilizochapwa jina la kitakasa, na mashine moja ya kujazia haijawashwa tangu 2022. Oda zimeanza kurudi, lakini maduka ya jumla yanachukua mali kauli na kulipa baada ya miezi miwili. Sabuni ya mche tuliyoipika mwezi uliopita imetoka laini na inatoa mafuta. Niuze mashine nirudi kwenye sabuni tu, au nitafute bidhaa mpya?"

JIBU

Usiuze mashine kwanza, na bidhaa mpya iache kwanza. Katika yote uliyoeleza, lililo hatari zaidi ni lile ulilolitaja kama habari njema: oda zimeanza kurudi. Viwanda vingi vilivyovuka 2020 na 2021 vilianguka baadaye, wakati kazi ipo. Kila oda mpya inadai mafuta, kostiki (soda kali ya kupikia sabuni) na chupa leo, na oda ya mwezi uliopita bado haijalipwa. Mtaji wa kuzungushia ulishaliwa na janga, kwa hiyo mwenye kiwanda anajikuta anakopa ili aweze kuwakopesha wenye maduka.

Kwa hiyo tuanze na pesa, kisha stoo, kisha mashine na sabuni yenyewe. Swali la bidhaa litajibiwa kwa hesabu likifika zamu yake.

Hesabu ya siku

Chukua daftari. Malighafi inakaa siku ngapi stoo kabla ya kuingia tangini? Bidhaa iliyokamilika inakaa siku ngapi kabla ya kutoka getini? Mteja analipa baada ya siku ngapi? Jumlisha hizo tatu, kisha toa siku ambazo wauzaji wa malighafi wanakuvumilia wewe. Tuseme umepata 45, 20 na 60, na wewe unavumiliwa siku 15. Hizo ni siku 110. Kama uzalishaji unakugharimu shilingi 700,000 kwa siku, shilingi milioni 77 ziko nje muda wote. Ukiongeza uzalishaji mara mbili, utahitaji milioni 77 nyingine kabla hujaiona faida. Mali kauli ikishuka kutoka siku 60 hadi 30, milioni 21 zinarudi mkononi bila kukanyaga benki.

Namna ya kuishusha ni kuwagawa wateja, kwa sababu tangazo moja kwa wote litawakimbiza hata walipaji wazuri. Anayelipa papo hapo mpe punguzo la asilimia 2. Linganisha na riba: mkopo wa asilimia 18 kwa mwaka unakugharimu karibu asilimia 3 kwa siku 60, kwa hiyo punguzo hilo ni rahisi kuliko kukopa ili umsubiri. Punguzo la asilimia 5 tayari ni hasara, labda kama benki zote zimekufungia mlango. Wa katikati wape utaratibu wa mzigo kwa mzigo: mzigo wa pili haushuki kwenye gari mpaka wa kwanza umelipwa. Anayechelewa kila mara muuzie taslimu tu. Ukimpoteza, pengine ndio unapona.

Pamoja na hilo, tengeneza jedwali la wiki 13 zijazo: kila wiki pesa gani inaingia kweli, sio ankara uliyoandika, na pesa gani lazima itoke. Mishahara, umeme, rejesho la benki, kodi na malighafi ziwe mistari tofauti. Wiki itakayoonyesha pengo utaiona mapema kiasi cha kutosha kuzungumza na benki kabla hujakosa rejesho. Afisa mikopo anayeletewa jedwali kabla ya tarehe ana nafasi ya kupanga upya marejesho. Akiletewa maelezo baada ya tarehe kupita, deni lako linakuwa limeshaingia kwenye kundi la mikopo chechefu na mikono yake imefungwa.

Mapipa 9 na chupa zilizochapwa

Kwanza usalama. Ethanoli ya asilimia 96 hutoa mvuke unaoweza kushika moto kuanzia takriban nyuzi joto 17, na Dar es Salaam hata usiku wa Julai ni nadra kushuka hapo. Mapipa hayo yasikae chumba kimoja na swichi za kawaida, jiko la kupikia sabuni au chaji ya simu. Yahamishie kwenye kibanda chenye hewa inayopita chini na juu, sakafu isiyopeleka kimiminika mtaroni, na waya wa kutuliza umeme tuli unaounganisha pipa na ndoo wakati wa kumimina. Hakikisha pia usajili wako kwa Mkemia Mkuu wa Serikali bado uko hai, kwa sababu bila huo hata kuyauza mapipa ni kosa.

Pili, pima nguvu. Pipa lisilofungwa vizuri hupoteza spiriti na kuvuta unyevu. Kipimo cha kuelea kimesanifiwa kwa nyuzi 20. Ukikitumbukiza kwenye spiriti yenye nyuzi 30 kitasoma asilimia 2 hadi 3 zaidi ya ukweli, na hapo ndipo vitakasa vingi vilipotoka dhaifu bila mwenye kiwanda kujua. Poza sampuli kwa maji ya barafu hadi nyuzi 20, ndipo usome.

Kama bado ni 96, pipa moja la lita 200 linatoa lita 240 za kitakasa kwa fomula ya Shirika la Afya Duniani: lita 200 za ethanoli, lita 10 za haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, lita 3.5 za glisarini, na maji yaliyochemshwa yakapoa au yaliyokenekwa kujazia hadi 240. Bidhaa ya mwisho ina ethanoli asilimia 80. Ikiwa pipa limeshuka hadi 90, kila lita 10 za kitakasa zinahitaji lita 8.9 za ethanoli badala ya 8.33. Baada ya kujaza, chupa zikae saa 72 kabla ya kuuzwa ili peroksaidi imalize vijidudu vinavyoweza kuwa kwenye chupa au ndani ya spiriti.

Usitengeneze mapipa yote. Soko la mtu wa kawaida limeisha. Lililobaki ni zahanati, maabara, saluni na viwanda vya chakula, nao wananunua kwa dumu la lita 5, hawahitaji chupa ya mfukoni. Tafuta wanunuzi watatu wa namna hiyo, tengeneza kwa oda, na pipa moja au mawili yaingie kwenye kioevu cha kusafishia vioo, ambacho kinahitaji spiriti asilimia 5 hadi 10 tu. Mengine yauze kama yalivyo kwa mwenye kibali. Bei itakuwa chini ya uliyonunulia. Ile bei ya 2020 isahau. Ilikuwa bei ya taharuki, na kila mwezi unaoisubiri irudi unalipia riba.

Chupa zilizochapwa ni kazi ngumu zaidi. Sabuni haiwezi kwenda sokoni ndani ya chupa inayosema kitakasa, hata ukibandika kilebo kidogo juu yake. Lebo inayofunika maandishi yote pande zote inawezekana, lakini kabla ya kuilipia jaza chupa 24, zilaze ubavu siku nzima, uone kama zinavuja. Chupa iliyokaa miaka karibu na bati la moto inaweza kuwa imepinda shingoni kiasi kwamba kizibo hakikamati. Zikivuja zaidi ya mbili, peleka zote kwa wasagaji wa plastiki.

Hapo jifunze jambo moja la kudumu: usichapishe chupa tena. Nunua chupa tupu, weka lebo ya kubandika wakati wa kujaza. Na chupa zako zote, ya mililita 250, ya 500 na ya lita 1, ziwe na shingo ya aina moja. Ile ya milimita 28 yenye uzi wa 410 ndiyo inayopatikana kwa wauzaji wengi. Mwaka 2020 kilichokwamisha viwanda vingi duniani hakikuwa spiriti peke yake, zilikuwa pia pampu za kwenye kizibo. Mwenye shingo ya kawaida alihamia kizibo cha kubonyeza au cha kufungua akaendelea. Mwenye chupa ya umbo la kipekee alikaa na tangi limejaa.

Kuamsha mashine

Mashine iliyokaa tangu 2022 usiiwashe kwa kubonyeza tu kitufe uone kama itazunguka. Kuna vitu vitatu vinavyoharibika kimya.

Cha kwanza ni mota. Unyevu wa pwani huingia kwenye koili. Fundi umeme apime ukinzani kati ya koili na gamba la mota kwa kipimo cha volti 500, akiwa ametenganisha waya za mota na inveta (kifaa kinachodhibiti mwendo wa mota), la sivyo ataiua inveta kwa kipimo chenyewe. Chini ya megaomu 1, mota isiwashwe. Ifunguliwe, iwekewe taa ya wati 100 ndani ya boksi siku mbili hivi, ipimwe tena. Mota iliyokaushwa hivyo inagharimu umeme wa taa. Iliyowashwa na unyevu inagharimu kusukwa upya.

Cha pili ni inveta yenyewe. Kapasita zake zikikaa bila umeme zaidi ya mwaka mmoja hudhoofika, na ukizipa volti zote kwa mkupuo zinaweza kupasuka. Zinaamshwa kwa kupandisha volti polepole kwa saa kadhaa, kwa utaratibu ulio kwenye kitabu cha mtengenezaji. Mafundi wengi wa mtaani wanaruka hatua hii, kisha wanasema bodi "imeungua yenyewe".

Cha tatu ni mipira: oringi na sili za nozeli na pistoni hukauka na kushika umbo. Badilisha zote kabla ya kujaribu, kwa sababu moja ikivuja itakufanya ufungue mashine mara sita. Beringi zipakwe grisi mpya, mkanda uliobaki na alama ya puli utupwe, na maji yaliyotuama kwenye kompresa yatolewe. Mizani nayo ihakikiwe na Wakala wa Vipimo kabla ya kuuza hata chupa moja.

Matangi na mabomba ya sabuni ya maji yanahitaji uangalifu zaidi ya chuma. Watu huamini sabuni haiwezi kuoza kwa kuwa ni sabuni. Inaoza. Bakteria wa jamii ya Pseudomonas hukaa vizuri kwenye maji yaliyotuama ndani ya kona za bomba, na tangi jipya la sabuni likipita hapo, baada ya wiki tatu sabuni inakuwa nyepesi na kunuka. Fungua viungio vyote, sugua, kisha pitisha maji ya nyuzi 80 kwa nusu saa. Kama huna maji moto, tumia klorini ya sehemu 200 kwa milioni kwa dakika 15: kwa lita 100 za maji weka mililita 570 za dawa ya klorini yenye nguvu ya asilimia 3.5. Usizidishe muda, klorini inakula chuma cha pua. Suuza mpaka harufu iishe, na hakikisha hakuna tone la sulfoniki (asidi ya kutengenezea sabuni ya maji) ndani ya tangi, kwa sababu asidi ikikutana na klorini hutoa gesi inayoua. Kipande chochote cha bomba kisichopitisha kitu, kile kilichozibwa baada ya kuhamisha mashine, kikatwe kabisa.

Kwa nini sabuni imetoka laini

Uwezekano mkubwa kosa haliko kwa mpishi. Liko kwenye mfuko wa kostiki uliofunguliwa zamani. Kostiki ikikaa wazi huvuta unyevu na hewa ya ukaa, na sehemu yake hugeuka kuwa magadi ya kawaida, ambayo hayawezi kusabunisha mafuta. Uzito kwenye mizani ni uleule, nguvu imepungua.

Angalia kwa tarakimu. Mchanganyiko wa kilo 80 za mawese na kilo 20 za mafuta ya mise (kokwa za michikichi) unahitaji kostiki halisi hivi: mawese 80 mara 0.142 ni kilo 11.36, mise 20 mara 0.176 ni kilo 3.52, jumla kilo 14.88. Kostiki mpya yenye usafi wa asilimia 98 unapima kilo 15.2. Ikiwa imeshuka hadi asilimia 90 na mpishi akaendelea kupima kilo 15.2 zilezile, ameweka kilo 13.7 tu za kostiki halisi. Upungufu ni karibu asilimia 8, na kiasi hicho cha mafuta kinabaki bila kusabunika: mche unakuwa laini, unatoa mafuta, na baada ya muda unageuka rangi na kunuka uchachu.

Suluhisho si kuongeza kostiki kwa kukisia. Ukizidisha, sabuni inachubua mikono na utaletewa malalamiko mabaya zaidi. Peleka gramu 200 SIDO (shirika la serikali la viwanda vidogo) au maabara yoyote yenye uwezo wa kupima kwa asidi, upate asilimia, ndipo ugawanye: 14.88 gawanya kwa 0.90 ni kilo 16.5. Kuanzia sasa nunua mifuko ya kilo 25, iliyofunguliwa ihamishiwe kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko unaobana, na tarehe ya kufunguliwa iandikwe kwa kalamu nzito. Miche laini usiitupe. Inaweza kurudishwa jikoni, ikayeyushwa na kukamilishwa kwa kostiki iliyopimwa.

Ukiwa jikoni, andika na kujaribu mapishi ya pili. Aprili 28 mwaka 2022 Indonesia ilizuia kuuza nje mafuta ya mawese, ikaondoa zuio Mei 23. Hata mwezi huo mmoja, waliokuwa na pishi moja tu walinunua kwa bei yoyote waliyotajiwa. Shahamu ya ng'ombe inahitaji kostiki 0.140 kwa kilo, karibu sawa na mawese, kwa hiyo inaweza kuchukua nafasi yake bila kuvuruga chochote mitamboni. Ila chanzo chake kiwe machinjio yanayojulikana, halali kwa wateja wako Waislamu, na kwenye lebo usiendelee kusema mafuta ya mimea. Pika kilo 50 za majaribio sasa, sokoni kukiwa kumetulia, upime ugumu baada ya wiki mbili, na uweke karatasi ya mapishi kwenye faili.

Akiba: ya nini, na kiasi gani

Baada ya janga kila mtu aliambiwa aweke akiba. Toyota, baada ya tetemeko la Machi 2011, iliwataka wauzaji wake wa chipu za kielektroniki kuwa na akiba ya miezi miwili hadi sita, na mwaka 2021 hilo liliipa nafasi ya kuendelea wakati wengine wamesimama. Hata hivyo Septemba mwaka huohuo ilipunguza uzalishaji kwa asilimia 40. Akiba inanunua muda tu, na kwa kiwanda chenye mtaji mdogo muda huo ni ghali.

Kwa hiyo chagua. Orodhesha malighafi zako zote, kila moja uulize: ikikosekana kesho, kiwanda kinasimama siku ngapi? Rangi na manukato unaweza kubadilisha. Chumvi iko kila mahali. Zitabaki nne au tano ambazo hazina mbadala, na hizo ndizo za kuwekea akiba. Fomula rahisi: matumizi makubwa ya siku mara siku nyingi zaidi za kusubiri, toa matumizi ya wastani mara siku za kawaida za kusubiri.

Mfano ni slesi (SLES), malighafi inayoipa sabuni ya maji povu. Tuseme unatumia kilo 40 kwa siku, siku ya kazi nyingi 55. Ukiagiza mwenyewe kutoka nje unasubiri siku 60, zikienda vibaya 95. Akiba ni 5,225 toa 2,400, yaani kilo 2,825. Ukinunua kwa muuzaji wa jumla hapahapa Dar unasubiri siku 7, mbaya zaidi 20: 1,100 toa 280, kilo 820. Tofauti ni kilo 2,000 hivi. Kwa bei ya mfano ya shilingi 5,000 kwa kilo, ni milioni 10 zilizolala, na kwa riba ya asilimia 18 zinakula milioni 1.8 kwa mwaka. Ukitumia kilo 12,000 kwa mwaka, hiyo ni shilingi 150 kwa kila kilo. Ongeza riba ya pesa iliyolipwa siku 60 kabla mzigo haujafika, karibu shilingi 150 nyingine. Basi muuzaji wa Dar akizidisha bei kwa chini ya shilingi 300 kwa kilo, yeye ndiye rahisi, na mzigo wake unaweza kuuona kabla ya kulipa. Weka bei zako halisi kwenye hesabu hiyo. Jibu linaweza kugeuka.

Swali la kumbana nalo muuzaji huyo: yeye mwenyewe anaagiza kutoka wapi? Wauzaji wawili wanaochukua kutoka kiwanda kimoja, kwa meli moja, kwako ni muuzaji mmoja mwenye majina mawili. Meli Ever Given ilipoziba mfereji wa Suez siku sita, Machi 2021, mizigo ya kila mwenye kutegemea njia ile ilichelewa pamoja.

Bidhaa gani, kwa nani

Usichague bidhaa kwa faida ya chupa moja. Chagua kwa mchango wake kwa saa ya mashine inayobana kiwanda. Mfano: chupa ya mililita 250 inakuachia shilingi 400 baada ya kutoa malighafi na kifungashio, na mashine inajaza 300 kwa saa, ni 120,000. Dumu la lita 5 linaachia 2,500, unajaza 40 kwa saa, ni 100,000. Chupa ndogo inashinda, mpaka uhesabu muda wa kusafisha mashine kati ya rangi moja na nyingine. Ukipoteza saa mbili kila siku kwa kubadilisha, dumu la rangi moja linashinda. Panga siku kutoka rangi nyepesi kwenda nzito, isiyo na manukato kwenda yenye manukato, na osha mara moja jioni.

Kuhusu wateja, mahoteli yasirudi kuwa nusu ya mauzo yako. Robo inatosha, hata wakikupa bei nzuri. Shule zinalipa kwa mihula, maduka kwa mwezi, viwanda vya chakula kwa mkataba. Kuchanganya nyakati hizo kunasaidia jedwali lako la wiki 13. Mpaka wa Kenya au Uganda pia si mbali kama unavyofikiri: alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) inatambuliwa ndani ya Afrika Mashariki, na mzigo usiozidi dola 2,000 za Marekani unaweza kutumia cheti rahisi cha uasili kinachotolewa palepale mpakani. Lakini ng'ambo usiende kwa mali kauli.

Watu 9

Chora jedwali: majina upande mmoja, kazi upande mwingine. Kila kazi inayoweza kusimamisha kiwanda, kupika, kupima kostiki, kuendesha mashine ya kujazia, kuandika ankara, iwe na watu watatu wanaoiweza. Kwa watu 9 inawezekana, kila mmoja akijua kazi tatu. Wafundishwe kwa kazi yenyewe, Ijumaa mchana, wakibadilishana nafasi na mwenye kazi akisimama pembeni bila kugusa.

Ugonjwa unaenea kiwandani kwa sababu mgonjwa anaogopa kukosa malipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mfanyakazi siku 126 za ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili na 63 za pili kwa nusu. Kibarua hana hilo, naye ndiye anayekuja na homa. Tenga siku tatu za malipo kwa kibarua mgonjwa. Ni rahisi kuliko zamu nzima kulala. Ukiongeza watu, waite kwanza waliopunguzwa. Wanajua kazi, na kama kuna aliyekaa zaidi ya mwaka akaondoka bila kiinua mgongo chake cha siku 7 za mshahara kwa kila mwaka aliotumikia, hadi miaka 10, ni afadhali mmalizane mezani kwako kuliko CMA, tume ya kusuluhisha migogoro ya kazi.

Sasa mashine ya pili. Iamshe kama tulivyoeleza, kisha fanya kazi miezi mitatu kwa ile ya kwanza pekee. Zamu ya saa 8, ukitoa usafi na kusimama, itakupa takriban chupa 1,700 kwa siku. Oda zikikaa chini ya 1,200 kwa miezi yote mitatu, ya pili haina kazi ya kujaza. Lakini kama ni za aina moja, ya pili ni stoo yako ya vipuri: nozeli, pistoni, bodi, mota. Uliza bei ya seti hiyo na siku za kuisubiri. Mnunuzi akikupa chini ya hapo, ibaki. Akikupa zaidi, iwashe mbele yake ikijaza maji, muuzie, na pesa hiyo iende kupunguza mkopo kabla ya kuingia kwenye oda yoyote mpya.